Ukisiaji thamani (kompyuta)

Ukisiaji thamani ni mbinu ya kuongeza kasi ya prosesa kwa kubahatisha jibu la amri kabla halijapatikana. Kusoma data kutoka memori kuu kunaweza kuchukua mamia ya mizunguko ya saa ya prosesa. Badala ya kungoja, prosesa hutazama thamani iliyorudi mara zilizotangulia, hudhani itakuwa ileile, kisha huendelea na amri zinazofuata. Ikipatia, muda umeokolewa. Ikikosea, kazi hiyo hufutwa na kuanzwa upya.

Mikko Lipasti, Christopher Wilkerson na John Shen waliieleza mbinu hii mwaka 1996, wakionyesha kuwa programu husoma thamani zilezile mara nyingi ajabu.

Tatizo ni kwamba kufuta hakusafishi kila kitu. Alama hubaki kwenye kashe, yaani memori ndogo ya kasi ya prosesa, na mwaka 2018 udhaifu wa Spectre, uliohusu aina nyingine ya ukisiaji, ulidhihirisha kuwa siri zaweza kuvuja kupitia humo. Mwaka 2025 shambulio la FLOP lililenga ukisiaji thamani wenyewe, katika chipu ya Apple M3. Cha kuchekesha, kiini cha ARM Cortex-A53, kilichozoeleka katika simu za bei nafuu, kiliepuka Spectre: hutekeleza amri kwa zamu, bila kukisia kwa kina.