Pensheni ya Mzee na Masafa ya Njia

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mkaazi aliyetimiza umri wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza iwapo aliwahi kuajiriwa au kuchangia mfuko wowote. Na mwaka 2023 kiwango hicho kikapandishwa hadi shilingi 50,000. Pensheni Jamii, kama inavyoitwa, inastahiki sifa, kwani imemtoa mchumaji karafuu, mvuvi na mkulima wa mwani katika daraja ya mwenye kuhurumiwa, ikamtia katika daraja ya mwenye haki. Walakini haki hiyo, kwa mzee wa shamba, haijatimia. Wala haitatimia kwa kuongezwa fedha peke yake, maadamu masafa yaliyopo baina yake na huduma anazozihitaji yameachwa yawe mzigo wake mwenyewe.

Natutazame Kojani, kisiwa kilichopo upande wa mashariki ya Pemba. Ajuza wa huko anayetakiwa kwenda Chake Chake kutazamwa macho hana budi ateremke pwani, ashikwe mkono kuingia mashuani, na akishavuka angojee gari. Nayo gari yenyewe aghalabu ni ile ya bodi la mbao na viti vya ubavuni, ambayo mlango wake uko nyuma, na kila anayeipanda hulazimika kunyanyua goti kukifikia kidato, kisha ainame asije akagonga kichwa. Magoti ya miaka 80 hayawezi hayo bila ya msaidizi, na kwa ajili hiyo nauli huwa ya watu wawili, kwenda na kurudi, na siku ya kazi ya yule msaidizi nayo hupotea. Hata pale ambapo dawa hutolewa bure, njia ya kuifikia hulipiwa, na kinacholipia ni pensheni ile ile.

Wako watakaosema kuwa mzee ana wanawe, na kwamba kumtunza ni wajibu wao kabla ya kuwa wajibu wa Serikali. Kauli hiyo ina uzito wake katika dini na katika mila zetu, lakini haikuzingatia hali ya maisha ilivyo: wavuvi wa Kojani huenda dago, wakakaa mbali na kwao kwa muda mrefu wakifuata samaki, na vijana wengi wa Pemba wamehamia Unguja na Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwana huyo huenda akatuma fedha kila mwezi, lakini fedha hizo hazimshiki mama mkono wakati wa kupanda gari.

Wengine wataona yatosha wazee kusamehewa nauli. Ireland ilifanya hivyo tangu mwaka 1967, na msamaha ule ukawafaa sana wakaazi wa miji. Amma katika vijiji visivyopitiwa na basi, mzee alibaki na kadi ya msamaha isiyokuwa na chombo cha kuipandia. Ndipo mwaka 2002 Serikali ya huko ikaanza mpango maalumu wa usafiri wa mashamba, na leo yapo magari madogo ambayo mengine humfuata abiria nyumbani kwake kwa miadi. Kadhalika, asiyeweza kusafiri peke yake kwa maradhi au udhaifu huweza kuruhusiwa kuchukua mwenziwe bila ya malipo.

Sisi hatulazimiki kuanza kwa kununua mabasi. Mamlaka za wilaya zinaweza kukodi kwa mkataba mashua na daladala zilizopo, katika siku za kliniki zinazojulikana. Masheha, ambao wanawajua wazee wao nyumba kwa nyumba, wakaandika majina. Msaidizi mmoja asitozwe kitu. Na wale wasioweza kuondoka kitandani, tabibu awafuate. Gharama ipo, bila ya shaka, lakini si gharama mpya: hivi sasa inalipwa, tena na wale walio wanyonge kuliko wote.

Basi Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, watakapokijadili tena kiwango cha pensheni, wasiulize tu mzee anapokea kiasi gani, bali waulize kinachombakia baada ya kulipa mashua na gari. Kwani hicho ndicho kiwango cha kweli cha pensheni yake.