Magomeni: Kitovu cha Huduma Kando ya Bonde la Msimbazi

Magomeni ni eneo la kihistoria katika Wilaya ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, lililotenganishwa na katikati ya jiji na Bonde la Mto Msimbazi. Barabara za Morogoro na Kawawa hukutana hapo, na wakazi hupata biashara, usafiri na huduma za umma bila kuvuka bonde. Mwalimu Julius Nyerere aliishi Magomeni wakati wa kudai uhuru. Nyumba yake sasa ni makumbusho. Machi 23, 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua makazi ya kaya 644 Magomeni Kota.

Msimbazi unapofurika, Barabara ya Morogoro hufungwa eneo la Jangwani. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaojumuisha daraja jipya la Jangwani, unalenga kuondoa adha hiyo.