Gugu karoti: usiliache kwenye malisho yako
Gugu karoti ni mmea wenye asili ya Amerika, wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe. Uganda pia limeingia, na huenea kando ya barabara. Majani na mizizi yake hutoa kemikali, mojawapo parthenini, ambazo huzuia mbegu za mimea mingine kuota na kudumaza miche, zikiwemo nyasi za malisho.

Ukikata majani ya mbuzi au ng'ombe barabarani Kampala, litenge: likiliwa, maziwa huwa machungu. Ling'oe kabla halijatoa maua. Vaa glavu, kwa kuwa huwasha ngozi. Usilitumie kama matandazo shambani, kwani likioza bado hutoa kemikali hizo.