Paa Lililofyonza Sauti: Ujenzi wa Sakania tangu Reli

Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania, mji wa mpakani huko Katanga, Kongo, mwishoni mwa 1909, na mwaka uliofuata ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Historia yake huandikwa kwa hesabu ya shaba iliyotoka, lakini kilichoingia nacho kina uzito wake. Mabati na saruji sasa vilipata mabehewa ya kuvibeba. Wamisionari Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na Sakania ikawa jimbo la Kanisa mwaka 1959. Katika nusu karne hiyo matofali ya kuchoma, mengi yakitokana na udongo wa vichuguu vya mchwa, yalienea Katanga pamoja na bati. Majengo yakawa imara kuliko ya zamani, ila yakapungukiwa na uwezo wa kufyonza sauti.

Paa la nyasi ni tabaka nene la mabua, na kati ya bua na bua mna hewa. Sauti ikipenya humo, hewa husuguana na mabua, na nguvu ya sauti hugeuka joto dogo lisilohisika. Bati halina upenyo: huirudisha sauti chini, na sakafu ya saruji huirudisha juu. Atakayesema kwamba chanzo cha mvumo huo ni umbo la chumba, amwangalie Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard. Mwaka 1895 alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo neno moja lilivuma zaidi ya sekunde 5. Hakubomoa ukuta, aliingiza mito ya viti, na kila ilipoongezwa mvumo ulifupika.

Wanaotetea bati wana hoja nzito: nyasi ziliungua na kuvuja, na nyufa za nyumba za udongo zilificha kimputu, kupe aletaye homa. Ni kweli pia kwamba kanisa likijaa, nguo na miili ya waumini hufyonza sauti. Lakini darasa la watoto wachache halina msaada huo, na kipaza sauti huongeza neno na mvumo wake pamoja. Hakuna haja ya kurudi kwenye nyasi. Ujenzi mpya ulirithi kazi moja ya paa la nyasi, kuzuia mvua, ukaiacha ya pili, kufyonza sauti. Dari ya mikeka ya matete, isiyozibwa kwa rangi na yenye nafasi ya hewa chini ya bati, ingeirudisha kwa gharama ndogo. Mwanafunzi wa dawati la nyuma anastahili kusikia silabi moja kabla ya nyingine kuifunika.