Giza la Nani? Mwanga Hafifu na Kaida za Filamu za Kutisha

Wahakiki wengi hapa chuoni wakiijadili filamu ya kutisha ya Kiswahili huanza na lawama moja: mzimu unaonekana wazi mno, mwanga umejaa, sasa hofu itatoka wapi? Makala haya yanaipinga lawama hiyo. Giza katika utanzu huu ni kaida tu, na kaida ina historia.

Mathalani, tuitazame Nosferatu ya F. W. Murnau (1922). Matukio yake ya usiku yalipigwa mchana, kisha nakala zikatiwa rangi ya buluu, na hadhira ikakubali kwamba buluu ni usiku. Ukiitazama nakala isiyotiwa rangi, mnyonya damu anatembea mchana kweupe! Mwaka 1942 Jacques Tourneur, akiwa na bajeti ndogo, alitengeneza Cat People. Mnyama wake tunamhisi zaidi kwa sauti na kivuli kuliko kumwona. Ufinyu wa fedha ukazaa fani, na fani ikaja kuwa sheria.

Turudi nyumbani. Mussa Banzi alipotoa Nsyuka, na baadaye Shumileta (2005), filamu zetu zilipigwa kwa kamera za video. Kamera zile ukizinyima mwanga zinakupa chenga. Na zilitazamwa wapi? Kwetu Haydom ni kwenye banda la video: runinga moja, jenereta inanguruma nje, jua linapenya kwenye matundu ya bati, na kaseti yenyewe imenakiliwa kutoka kaseti nyingine. Filamu ya giza pale ni kioo cheusi, na mtu kashalipa kiingilio. Aliyewasha taa alimjua mtazamaji wake.

Lakini msije mkadhani sisi giza hatulijui. Katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe hucheza epeme, ngoma yao takatifu, usiku usio na mwezi, mioto ikiwa imezimwa. Wanaume hucheza mmoja mmoja, njuga mguuni, manyanga mkononi. Wanawake huitikia kwa nyimbo. Mchezaji haonekani vizuri, ila anasikika. Giza lile huwaleta watu wa kambi pamoja. Hofu haimo.

Basi giza lina kazi zaidi ya moja, na anayelihukumu kwa kipimo cha Hollywood peke yake anahukumu nusu ya jambo. Hata hivyo tusiwadekeze wasanii wetu. Kamera za leo zinaona hata kwa mwanga wa kibatari, kwa hiyo utetezi wa chenga umekwisha. Anayewasha taa sasa aseme kwa nini, na anayezima aseme pia. Nasi wahakiki, kabla ya kuuliza "mbona hakuna giza?", tuulize kwanza: hadhira hii imezoea kuogopa kwa macho au kwa masikio?