Madoadoa ya Ngozi: Yapi ni ya Kawaida, Yapi Yapelekwe kwa Daktari

Buluo na Likasi nzima ziko kwenye nchi ya juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita asubuhi ni baridi, mbingu haina wingu, na watu wanatafuta jua ili wapate joto. Lakini mionzi inayounguza ngozi siyo joto. Inapita hata siku ya baridi, na kadiri nchi inavyoinuka ndivyo inavyozidi nguvu. Ngozi nyeusi ina kinga yake. Ngozi nyeupe ya mtoto mwenye ualbino haina.

Wazazi wengi wakiona madoadoa kwenye uso wa mtoto wanaogopa, na mara nyingi dawa ya kwanza inanunuliwa sokoni, kwa muuza mafuta. Tuyaelewe kwanza.

Madoadoa ni nini?

Ndani ya ngozi kuna chembe zinazotengeneza rangi, inayoitwa melanini. Jua likipiga, chembe hizo huongeza rangi ili kuilinda ngozi. Kwa watu wengine rangi haienei sawasawa, inakusanyika mahali padogo padogo. Hapo ndipo yanatokea madoa ya kahawia, bapa, madogo kama kichwa cha kiberiti au chini yake, kwenye pua, mashavu, mabega na mikono. Huanza utotoni, huzidi weusi wakati wa jua kali, na hufifia jua likipungua. Mara nyingi ni urithi wa jamaa. Hayaambukizi, hayaumi, si laana wala si matokeo ya dhambi ya mama.

Kwa watu wenye ualbino, madoa ya namna hii huwa makubwa zaidi, na kando zake hazikunyooka. Yenyewe si kansa. Lakini yanatuambia jambo moja: jua limekwisha kuigusa sana ngozi hii, na kinga ianze leo.

Yanayofanana nayo

- Vinundu vidogo vyeusi vilivyoinuka mashavuni kwa watu wazima. Ni vya kawaida sana kwa watu weusi na havina hatari.
- Mabaka ya kahawia usoni mwa mama mwenye mimba au anayetumia dawa za uzazi wa mpango. Mara nyingi hupungua baadaye.
- Weusi unaobaki baada ya chunusi au kidonda. Hufifia polepole, kwa miezi.
- Baka lililopauka au jekundu lisilosikia ukiligusa. Hilo laweza kuwa ukoma. Nenda kituo cha afya upesi. Ukoma unapona, na dawa zake hutolewa bure.

Dalili za kutosubiri

Mpeleke mtu kwa daktari kama kuna kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja. Gamba gumu linalorudi kila likitoka. Mahali panapotoka damu bila sababu. Au doa linalokua, linalobadilika rangi au umbo. Kwa mwenye ualbino angalieni midomo, masikio, shingo na mgongo wa mikono. Kwa mtu mweusi angalieni nyayo na chini ya kucha, kwa maana kansa ya rangi ya ngozi hupenda kujificha huko. Kansa ya ngozi ikionekana mapema hukatwa na mtu anapona. Ikichelewa, inakula mpaka mfupa.

Je, yanatibiwa?

Madoadoa ya kawaida hayahitaji dawa. Anayesumbuliwa nayo amwone daktari wa ngozi, ambaye anaweza kumwandikia krimu na kumfuata kwa muda. Kuyachoma kwa baridi kali au kwa mwanga wa laser kunawezekana, lakini ngozi nyeusi inaweza kubaki na kovu au doa jeupe.

Hatari kubwa iko kwenye mafuta na sabuni za kung'arisha ngozi. Nyingi zina hidrokwinoni: ikitumiwa muda mrefu, uso unageuka weusi wa bluu ambao hauondoki kwa urahisi. Nyingine zina dawa za kotizoni, ambazo hufanya ngozi iwe nyembamba, vidonda vichelewe kupona, na hata kupandisha sukari na presha. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu, na kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 umepiga vita zebaki katika vipodozi. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuondoa mafuta haya madukani mwaka 2018. Ukisoma kwenye pakiti neno mercure, calomel, hydroquinone au clobétasol, irudishe. Na isiyoandikwa kitu ndani yake ni nini, usiipake.

Ndimu nayo si dawa: maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha doa kubwa kuliko la kwanza.

Kujikinga

Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali: kaa mahali penye kivuli. Vaa kofia pana, maana kepi haifuniki masikio. Vaa mikono mirefu. Kikwembe kizito hulinda kuliko kitambaa chepesi. Krimu ya kuzuia jua iwe ya kipimo cha 30 au zaidi, na ipakwe tena kila baada ya saa mbili. Huko Moshi, Tanzania, hospitali ya KCMC imekuwa mahali pa kutengenezea krimu ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Inaonyesha kwamba Afrika inaweza kujitengenezea kinga yake. Lakini asiyepata krimu asikate tamaa: nguo na kivuli ndiyo kinga ya kwanza.

Kazi ya kanisa

Mungu alipomhurumia Yona, alimpa kivuli. Sisi pia tunaweza. Katika mikutano ya nje, watoto wenye ualbino wawekwe chini ya turubai, si kwenye kiti cha pembeni. Shule ya Jumapili iwaruhusu kuvaa kofia ndani na kukaa mbele, kwa sababu macho yao hayaoni mbali. Chama cha wamama kinaweza kununua kofia kabla ya tarehe 13 Juni, siku ya kimataifa ya ualbino, ambayo kwetu huangukia katikati ya kiangazi.

Na kwa dada anayejipaka ili apendeze: soma 1 Samweli 16:7. Anayetazama moyo hakukosea alipochagua rangi yako.