Wasiwasi wa Udhu na Swala: Fatwa ya Ibn Hajar na Utafiti wa Matabibu

Hakuna imamu asiyemjua mtu huyu. Swala imekimiwa, wenzake wamekwisha kupanga safu, yeye bado yuko bombani anaosha kiwiko kile kile. Akiingia swalani hutoa takbira, akaikata, akaianza tena, mpaka imamu amerukuu. Wapo wanaomcheka, na wapo wanaomsifu kwa uchamungu. Wote wamekosea, kwani mtu huyo yumo katika mateso.

Katika Kiswahili cha kila siku, wasiwasi ni hofu ya jambo lolote. Mafakihi wanapotaja waswasa hukusudia jambo mahususi zaidi: shaka inayomrudia mtu bila dalili, ikamlazimisha kurudia tendo hali ya kuwa anajua alikwisha kulifanya. Matabibu wa leo wanaueleza ugonjwa huu karibu kwa maneno hayo hayo.

Jambo hili lilikuwepo tangu zama za Mtume (S.A.W.). Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Uthman bin Abil-As (R.A.) alimshitakia kwamba shetani anaingia baina yake na swala yake. Akafundishwa ajikinge kwa Allah na ateme kushotoni mara tatu, naye alipofanya hivyo hali ile ikamwondokea. Katika riwaya hiyo hakuamrishwa kurudia swala hata moja. Naye aliyedhani kuwa udhu umemtoka aliambiwa asiondoke swalani mpaka asikie sauti au ahisi harufu. Juu ya hadithi hii wanazuoni wamejenga kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka.

Pamoja na kanuni iliyo wazi kiasi hicho, maradhi haya yaliwapata watu wa elimu na wa ibada kuliko wengine, na sababu moja imo ndani ya fiqhi yenyewe. Sisi wafuasi wa Imamu Shafi'i tunasoma kwamba nia ni nguzo ya swala na kwamba lazima iambatane na takbira. Waliolichukua sharti hili kwa uzito wake wote walitaka nia ihudhurie moyoni tangu herufi ya kwanza ya takbira mpaka ya mwisho. Nani awezaye kupima hilo? Abu Muhammad al-Juwayni (aliyefariki 438 H/1047 M) alitunga kitabu cha kupambanua baina ya tahadhari na wasiwasi. Mwanawe, Imamu al-Haramayn, na mwanafunzi wa mwanawe, al-Ghazali, wakaona inatosha nia iambatane na takbira kwa namna watu wanavyofahamu katika ada zao. Imamu an-Nawawi (aliyefariki 676 H/1277 M) akaichagua rai hiyo. Ni jambo dogo kwa anayesoma, lakini kwa mgonjwa ni mlango wa gereza uliofunguliwa.

Kwa upande wa Mahanbali, Ibn Qudama aliandika risala nzima ya kuwalaumu wenye wasiwasi. Mahanbali pia wamesimulia kisa cha Ibn Aqil, aliyeulizwa na mtu anayejizamisha majini mara nyingi kisha akashuku kama maji yamemfika. Akamjibu kuwa swala imemwondokea, kwani kalamu imenyanyuliwa kwa mwendawazimu mpaka apone, na anayezama majini akashuku kama amelowa ni mwendawazimu. Jibu lina makali. Hata hivyo ndani yake mna kukiri kwamba hili ni suala la maradhi, halitokani na uchache wa imani.

Kabla ya wote hao, Abu Zayd al-Balkhi (aliyefariki 322 H/934 M) alikuwa amelieleza jambo hili kitabibu katika Masalih al-Abdan wal-Anfus, ambamo mna mlango maalumu juu ya wasiwasi wa nafsi. Alitaja kwamba wengine huzaliwa na maelekeo hayo, akausia mgonjwa asikae peke yake wala bila shughuli. Mwaka 2015 watafiti Rania Awaad na Sara Ali walilinganisha maelezo yake na vigezo vya leo wakaona yanakaribiana sana. Lakini tusitie chumvi: al-Balkhi alifuata pia elimu ya mizaji na nyongo, ambayo utabibu umekwisha kuiacha.

Ninayemstaajabia zaidi ni Ibn Hajar al-Haytami, fakihi wa Kishafi'i wa Makka katika karne ya 10 Hijria. Aliulizwa kama wasiwasi una dawa. Akajibu kuwa dawa yake ni kuupuuza kabisa, hata kama moyoni mnabaki mashaka. Akaeleza kuwa asiyeusikiliza humwondokea baada ya muda mchache, na anayeusikiliza humzidia mpaka ukamfikisha kwenye hali ya wendawazimu.

Mwaka 1966 huko London, Victor Meyer alichapisha habari za wagonjwa wawili aliowatibu kwa kuwazuia wasitende kile ambacho hofu iliwaamuru. Kila mara mtu anapokubali kuosha tena, hofu hupoa kidogo, na nafsi hujifunza kwamba kuosha ndiko kulikookoa, hivyo kesho hudai zaidi. Akizuiliwa, hofu hupanda kisha hushuka yenyewe. Juu ya msingi huo ndipo tiba inayotumika hadi leo ilipojengwa. Dawa nazo zipo: klomipramini iliidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 1989. Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wakaonyesha kwa picha za ubongo kwamba waliopata nafuu, kwa dawa au kwa mazoezi tu, walibadilika katika sehemu moja ya ndani ya ubongo.

Wanaoteseka kimya kuliko wote ni wale wanaojiwa na mawazo machafu juu ya Allah, wakadhani wametoka katika Uislamu. Masahaba walimweleza Mtume (S.A.W.) kwamba hupata nafsini yale wanayoona ni mazito mno kuyatamka, naye akawaambia kuwa kuchukia huko ni imani iliyo wazi. Kuwaambia hawa kuwa wana jini, au wazidishe toba kwa dhambi wasiyoitenda, ni kuwaongezea mzigo.

Hapa pana mtihani kwetu sisi tunaoulizwa. Mgonjwa huja leo na suala la udhu, kesho analirudia, keshokutwa analigeuza kidogo. Sheikh humjibu upya kwa dalili nyingine akidhani anasomesha, kumbe kwa mgonjwa jibu lile ni sawa na kuosha mkono tena. Daktari hawezi kumwambia kuwa udhu wake umesihi, hilo ni la imamu. Imamu na aliseme mara moja kwa uwazi, amwelekeze kwa tabibu wa maradhi ya akili, na atakapoulizwa tena lile lile, jibu liwe la jana, bila dalili mpya.